Bon ya Watu Wawili

Alhamisi ile ya kwanza, mukeke wa Mahamudi, samaki wa ziwani, ulikaa chini ya kifuniko mpaka mafuta yakaganda. Pétronille akampigia mume wake simu.

— Papa Sumaya, uko wapi? Chakula kinapoa.

— Leo kuleni tu, Mama Sumaya. Minye niko na kazi.

— Kazi gani saa saba ya mchana? Duka si unafungaka saa hii?

— Nitakueleza.

Hakueleza. Alhamisi iliyofuata hakuja tena, na nyingine, na nyingine. Siku nyingine zote alikula nyumbani akilamba vidole, lakini Alhamisi kiti chake kilibaki kitupu. Jioni alirudi kutoka dukani kwake, anakouza vipuri vya pikipiki, akanawa mikono na kusema ameshiba.

Ameshiba! Mwanaume anayekata sabuni vipande viwili ili imalize mwezi.

Juma la tisa, Pétronille alikuwa anafua koti la mume wake akakuta kijitabu mfukoni. Zilikuwa bon, vikaratasi vya kupunguziwa bei, za mgahawa wa Mama Josée, karibu na barabara ya mpaka. Zilikuwa kumi, imebaki moja. Juu yake imeandikwa: «Sahani mbili kwa bei ya moja. Alhamisi mchana tu. Watu wawili wakae mezani. Hakuna kubeba nyumbani.»

Watu wawili. Akaisoma mara tatu, povu likimkaukia mikononi. Kisha akampelekea Bibiche, rafiki yake anayeuza vitenge hapo mtaani kwao, Kavimvira.

— Ona. Tisa zimekwisha katwa.

— Eee, ndugu yangu! Bwana yako ni fundi. Hata mapenzi ya wizi anayalipia nusu bei?

— Usinichekeshe, Bibiche.

— Minye ningelia na weye, lakini hii réduction ya bei inanizuia.

Jioni, Mahamudi alipokuwa kwenye swala, simu yake ikawaka juu ya meza. Jina lililoonekana lilikuwa «Sange» tu. Ujumbe ulisema: «Alhamisi nakuja tena. Usimuambie kwanza.»

Sange ndiko kwao Pétronille, alikozaliwa. Miaka sita iliyopita, baba yake, Mzee André, alimwambia: ukienda kwa huyo Muislamu, njia ya kurudi usiitafute. Akaenda. Mwaka jana walipomzika mama yake, Sidonie, Pétronille alisimama barabarani na binti yake Sumaya mgongoni, hakuna aliyemwita asogee. Na leo kama Mahamudi amepata mwingine, tena huko huko Sange, yeye atapeleka wapi mtoto?

Akaichomoa ile bon ya mwisho, akaifunga kwenye pindo la kitenge, na kijitabu akakirudisha mfukoni mwa koti.

Alhamisi saa sita na nusu, yeye na Bibiche walikuwa wamekwisha kaa kwenye kona ya mgahawa na Fanta moja.

— Wamama, munakula ao munachunga meza? Mama Josée akauliza.

— Tunangojea muntu.

— Mume?

— Ndiyo. Mume.

Mahamudi akaingia. Nyuma yake alifuata mzee aliyevaa koti la kanisani, shingo imekonda ndani ya kola. Bibiche akamkanyaga rafiki yake mguu.

— Ndo yule mwanamke? Mbona amezeeka hivi?

— Nyamaza. Ni baba yangu.

Mahamudi alifungua kijitabu, akakipekua, akatafuta mifuko yote.

— Ilikuwa humu, Mama Josée. Papa, kaa tu. Leo nitalipa sahani zote mbili.

— Utalipa? Mzee André akauliza bila kukaa. Tulisikilizana namna gani, weye Mahamudi? Minye sikulaka chakula chako. Sahani ya pili ni ya bon. Haiko yako, haiko yangu. Bila bon, narudia Sange.

— Papa, nakuomba. Leo ndiyo ya mwisho. Ulisema leo tukimaliza kula nitamwambia binti yako.

— Bon iko?

— Haiko.

— Basi.

Mzee akageuka, akashika mlango.

Pétronille aliona fundo la kitenge limekuwa zito kama jiwe. Alikuja na karatasi hii ili amuaibishe mume wake mbele ya watu. Akasimama, kiti kikaanguka.

— Papa. Bon hii hapa.

Mzee akauachia mlango, akageuka.

— Mama Sumaya... Mahamudi akaanza.

— Weye nyamaza kwanza. Tutaonana nyumbani.

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama karatasi.

— Imekunjamana.

— Niliishika sana, Papa.

— Mama Josée, hii inafaa?

— Inafaa, Mzee. Lakini ni ya watu wawili tu.

Mahamudi akainua kile kiti, akamwekea mke wake.

— Kaa. Chakula changu kiko nyumbani.

— Kimepoa, Pétronille akasema.

— Nitakila hivyo hivyo.

— Na hii Fanta yangu, Bibiche akauliza akiwa mlangoni, nayo haina bon?

Samaki wakaletwa. Mzee André alivunja kichwa cha samaki wake, akakiweka kwenye sahani ya binti yake, kama zamani.

— Tangu tumzike mama yako nakula nimesimama, akasema. Pale jikoni. Kukaa peke yangu kwenye ile meza sikuweza. Bwana yako alinikuta sokoni nimesimama na kipande cha muhogo. Akaniambia: Papa, iko bon inataka watu wawili, nisipopata mwenzangu itapotea.

— Mbona hukuniita, Papa?

— Nilikufukuza. Muntu uliyemfukuza unamwitaka namna gani?

— Kwa simu, Papa.

Mzee akataka kucheka, machozi yakawahi. Akayapangusa kwa mkono uliokuwa na ugali.

— Huyo mtoto... bwana yako sikumuulizaka. Wanamwita nani?

— Sumaya Sidonie.

Mama Josée hauzi bon tena. Lakini kila Alhamisi Mzee André anashuka kwenye basi Kavimvira na mfuko wa mchele wa shamba lake, Sumaya anambebea kofia, na mchana anakula nyumbani kwa Pétronille na Mahamudi. Anakula akiwa amekaa.