Skrubu Ndani ya Wimbi

Likizo ya Agosti, mwaka wa 1971, kazi ya Nyamusi kila asubuhi ilikuwa kulinda wimbi ulioanikwa uani usiliwe na kuku. Siku moja kuku walijilia walivyotaka, maana mlinzi alikuwa amegeuka fundi.

Mjomba wake, Onchiri, alikuwa mpiga picha sokoni Keroka. Kitufe cha kamera yake kilikuwa kimekwama, na kesho yake kulikuwa na arusi Manga. Akaiacha kamera kwenye meza ya uani kwa kina Nyamusi, akaenda kuazima bisibisi ndogo kwa fundi wa saa.

"Mtu asiiguse," alisema.

Nyamusi hakuigusa tu. Aliifungua. Alitaka mjomba akirudi aikute imepona, amsifu.

Alihangaika na skrubu ya kwanza kwa ncha ya kisu cha jikoni. Kisu kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza tena, kikamchoma kidole. Mara skrubu ikaruka, ikatumbukia katikati ya wimbi. Nayo ilikuwa ndogo kama punje, tena nyeusi vilevile.

Akapekua. Akapuliza. Akawatazama kuku kwa mashaka. Jua likafika utosini, skrubu haipo.

"Fundi," dada yake Kemuma akamcheka, "unatengeneza kamera au unahesabu wimbi?"

"Nyamaza! Ukimwambia mama utaniona!"

Mama yao, Drusilla, akatokea na gunia. "Sogea, nipeleke wimbi ukasagwe."

Nyamusi aliiona akilini skrubu ndani ya uji, akayakumbuka meno ya nyanya yake, yaliyokuwa machache tayari. Machozi yakamtoka.

"Mama, usipeleke! Nimefungua kamera ya mjomba. Skrubu imo humo."

Mama akamkazia macho mpaka Kemuma akaacha kucheka. "Lete karai na maji."

Wakaosha wimbi kidogo kidogo, kama unavyooshwa kutolewa mawe. Punje zikamwagika na maji kwenye sufuria, vizito vikabaki chini. Skrubu ikaonekana kati ya changarawe.

Mjomba aliporudi, Nyamusi alimweleza yote. Mjomba akakunja uso, akapangusa vumbi lililokwamisha kitufe, akakaza skrubu, akabonyeza. Kla!

"Nisamehe, mjomba."

"Kufungua usichoweza kukifunga ni kosa," alisema Onchiri. "Kulificha asubuhi nzima, na mama yako yuko hapo jikoni, ni kosa jingine. Ukiharibu kitu sema mapema, usaidiwe. Haya, kaanike wimbi. Na leo kuku wasionje."