Vigezo vya Pwani

Kufumba na kufumbua, Shangazi alikuwa ameshazifungua zabuni zote, amezisoma, amezipima na kumtangaza mshindi. Wazabuni waliokaa ukumbini hawakupata hata nafasi ya kukohoa. Jina rasmi la Shangazi lilikuwa Mpimazabuni, ubongo wa mashine ulioletwa na serikali kukomesha rushwa. Lakini watu wa Isalanda, mji ule wa milimani wenye baridi ya kukata masikio, walimwita Shangazi kwa sababu usingizi halali, hasahau, na zawadi hapokei.

Na tuseme haki, kazi aliifanya. Zamani hata zabuni ya chaki mshindi wake alijulikana kabla haijatangazwa. Shangazi akafuta mchezo huo. Mtumishi asizungumze na mzabuni, mzabuni asimtafute mtumishi, basi. Na ili kuwajaribu watu, Shangazi mwenyewe alikuwa akiwapigia wazabuni simu kwa sauti za watumishi wanaowafahamu, akiwaonjesha siri za ofisi. Aliyesikiliza alifungiwa biashara, aliyeripoti aliongezewa alama. Simu hizo ziliitwa mitego, na hakuna mfanyabiashara mjini ambaye hajawahi kupigiwa.

Siku hiyo zabuni ilikuwa ya mashine za kuzalisha oksijeni kwa ajili ya wodi ya watoto njiti. Mhandisi Atuganile Sanga, mkuu wa kitengo cha ununuzi, alikuwa na sababu yake ya kutega sikio. Mdogo wake, Sekela, alikuwa na mimba ya mapacha, na daktari alishaonya kwamba watazaliwa kabla ya wakati.

Mshindi alitangazwa, watu wakapiga makofi. Atuganile akaanza kusoma sababu za ushindi kwenye kioo cha ukutani, akafika mahali palipoandikwa: mashine ifae kwa mwinuko usiozidi mita mia tano kutoka usawa wa bahari.

Mungu wangu! Isalanda iko juu ya mita elfu mbili, hewa yake nyepesi. Mashine ya pwani ukiipandisha huku itavuma vizuri na taa zitawaka, ila oksijeni itakayotoka haitamtosha mtoto. Na nani aliandika vigezo vile? Yeye mwenyewe. Alifanya kama wanavyofanya maofisa ununuzi tangu enzi za makaratasi: alichukua zabuni ya zamani ya mji mmoja wa pwani, akabadilisha jina la mji na tarehe, akaituma. Si ilishapita ukaguzi? Ya nini kujisumbua!

Alikimbilia kwa mkurugenzi.

"Mama, Shangazi ameshaamua," mkurugenzi alisema bila kuinua kichwa. "Nikitia mkono wangu pale, kesho naitwa mla rushwa. Wewe unataka nikafie jela?"

"Watoto watakufa, bosi."

"Basi mzabuni alalamike. Sheria si inamruhusu?"

Ni kweli, ilimruhusu. Kabla mkataba haujasainiwa kulikuwa na siku za kusubiri, na mzabuni yeyote aliyeshindwa akilalamika, mkataba husimama. Mtumishi hakuwa na mlango huo. Mzee Lutengano Mahenge alikuwa ameleta mashine za milimani hasa, akashindwa kwa bei, akakubali yaishe. Vigezo vilipokosewa hakupajua.

Atuganile akampigia simu.

"Shikamoo, mzee Mahenge. Ni mimi, Mhandisi Sanga."

"Marahaba." Mzee akacheka. "Leo umekuja kwa sauti ya mama mhandisi? Hongera, umeipatia hata mafua yake."

"Mzee, si mtego huu! Vigezo nimekosea mimi. Lalamika, nakuomba, zimebaki siku chache tu."

"Mwenzio nimeshapigiwa na mkurugenzi, nimepigiwa hadi na marehemu mhasibu. Mtu mzima hatishiwi nyau."

"Mdogo wangu ana mapacha tumboni, mzee. Nakuapia kwa Mungu!" Hapo akaangua kilio.

Simu ikakatwa. Siku ileile Atuganile alisimamishwa kazi, na wiki iliyofuata mkataba ukasainiwa.

Mapacha wa Sekela walizaliwa katikati ya msimu wa baridi, wa kiume na wa kike. Waliwekewa mashine mpya, zikavuma, taa za kijani zikawaka. Wa kiume alifariki alfajiri, dada yake akamfuata kabla ya jioni. Taarifa ya Shangazi ilisema vifaa vinafanya kazi sawasawa na mkataba, na hakudanganya.

Mzee Mahenge alikuja msibani. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akashindwa kuingia. Atuganile akamfuata nje.

"Ilikuwa wewe," mzee alisema.

"Ilikuwa mimi."

"Niliposikia umesimamishwa ndipo nilipojua. Nikakimbia kulalamika, siku zilikuwa zimeshapita." Akajifuta uso kwa kofia. "Nilikusikia unalia, mwanangu. Nikajisemea, loh, hii mashine sasa imejifunza hata kulia."

Atuganile akamsogezea kiti.

"Nikakuripoti," mzee akasema. "Alama zangu waliniongezea palepale."