Kava la Daftari la Sayansi

Kila siku akitoka shuleni, Gundi alivua sare, akala haraka haraka, kisha akachukua kisu butu, kopo la majivu na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kubandua lebo. Mama yake aliuza mapipa ya plastiki ya kuhifadhia maji. Aliyanunua yakiwa yameshatumika viwandani, akayasugua uani kwa brashi ya mpini mrefu, akayapanga mbele ya geti yakimeta. Wateja wa mtaa ule hawakutaka kuona karatasi kwenye pipa. "Hilo la mtumba," walisema, wakapita zao. Kwa hiyo lebo zote zilibanduliwa, na vipande vyake vilitumika kuwashia moto wa jikoni.

Lakini lebo ikitoka nzima, bila hata kona kuchanika, ilikuwa mali ya Gundi. Aliigeuza upande mweupe ukawa nje, akalivika daftari. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa na makava magumu kama yake. Jina la Gundi lilitokea hapo, na mama naye akawa Mama Gundi, apende asipende.

Wakifanya kazi walitegana vitendawili.

"Kitendawili!" Mama alisema.

"Tega!"

"Kutwa nzima ananyweshwa, wala haendi msalani."

"Pipa!"

"Hana meno, lakini humeza ndoo kumi."

"Pipa tena! Mama, vitendawili vyako vyote jibu ni pipa."

"Sasa nitege nini, ndege? Ndege ndiye anakulisha?"

Jumatatu moja dalali wa mapipa, mwanamume mwenye simu mbili na tabasamu lisilokauka, alileta lori zima. Mapipa arobaini ya buluu, magumu, kwa nusu ya bei ya kawaida. Chini ya kila pipa palikuwa na tope kidogo la rangi ya chai, na harufu yake ilikwaruza koo.

"Hii nini?" Mama Gundi aliuliza.

"Sabuni ya kiwandani, dada yangu. Mabaki ya ng'ambo hayo. Suuza mara mbili, umemaliza."

Gundi alikuwa ameshachuchumaa mbele ya pipa la kwanza. Maandishi ya lebo yalikuwa ya lugha asiyoijua, lakini picha hazihitaji lugha. Katika umbo moja lenye mpaka mwekundu palichorwa mkono unaodondokewa tone, na tone linaula. Katika jingine palikuwa na mti mkavu, na samaki pembeni yake.

"Mama, hapa kuna samaki amekufa."

"Anaogelea huyo. Bandua, maji ya bomba yanakatika saa kumi."

"Anaogelea tumbo juu?"

"Samaki wa ng'ambo wana mambo yao."

Wakacheka wote, na dalali alicheka kuliko wote.

Kufikia Alhamisi mapipa yote yalikuwa uchi. Lebo thelathini na tisa zilichanika, zikaishia jikoni. Moja ilitoka nzima. Gundi aliivika daftari lake la sayansi.

Mapipa kumi na moja yaliuzwa wiki hiyo hiyo. Moja lilinunuliwa na fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mama yake Uzi. Uzi alikuwa mwembamba kama jina lake, na ndiye aliyekaa dawati moja na Gundi tangu darasa la kwanza. Jumamosi Uzi alifua nguo kwa maji ya pipa lile. Jumapili mikono yake ilivimba, ikatoka malengelenge, ngozi ikaanza kubambuka kama maganda ya kitunguu. Katika nyumba nyingine iliyonunua pipa, watoto wawili walitapika mpaka wakaisha nguvu.

Jumatatu mtaa ulihamia getini.

"Mama Gundi, toka nje! Usijifanye umelala!"

Pipa lilipigwa teke, likabiringika hadi ukutani. Mwingine alitupa la kwake juu ya ua, likaangukia beseni la vyombo.

"Umetuuzia sumu!"

"Na wewe maji yako unakunywa ya pipa lipi? Tuonyeshe!"

Fundi cherehani alipenya mbele, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha zaidi.

"Nimemwacha mwanangu hospitali," alisema. "Daktari ananiuliza, ameshika kitu gani? Anasema asipojua, anatibu kwa kubahatisha. Nimjibu nini, Mama Gundi? Nimjibu pipa?"

"Mwenzenu niliyanunua kama mlivyoyanunua nyinyi."

"Hayakuwa na lebo?"

Gundi alimtazama mama yake. Mama yake hakumtazama.

"Yalikuja hivyo hivyo," Mama alisema. "Hayakuwa na karatasi yoyote."

Kesho yake shuleni, Gundi alikuta kiti chake kimeandikwa SUMU kwa chaki. Aliomba kifutio, mwenye nacho akakificha kwapani. "Usiniguse, nitachubuka!" alisema, na darasa likaangua kicheko. Alikaa peke yake, daftari la sayansi akaliweka chini kabisa ya mengine. Nafasi ya Uzi ilikuwa tupu.

Jioni ile ile, kabla jua halijapoa, alikuja afisa wa mazingira. Mwanamke mrefu, buti za mpira, glavu nene, uso hauna salamu. Alipita katikati ya mapipa bila kugusa kitu. Dalali naye alikuwa ameitwa.

"Mapipa haya siyajui," dalali alisema. "Yana jina langu?"

"Mwongo wewe!" Mama Gundi alifoka. "Si ulisema sabuni?"

"Nani alinisikia?"

Afisa alifunga kitabu chake kwa kishindo. "Nyamazeni wote wawili. Nchi nyingi zimewekeana mkataba. Takataka ya sumu haivushwi kwenda nchi ya watu mpaka nchi hiyo iulizwe kwa maandishi na ikubali kwa maandishi. Ikivushwa kwa siri, walioitoa wanapaswa kuirudisha kwao. Huko ng'ambo kuna maafisa kama mimi, wanangoja simu yangu. Haya, niambieni, nipigie nchi gani?" Aligonga pipa kwa kalamu. "Hili halina jina, halina nambari, halina kwao. Na wewe mama umeandikisha kwamba yalikuja bila lebo. Basi litabaki hapa, mlangoni kwenu, na mtoto aliye hospitali atazidi kutibiwa kwa kubahatisha."

Afisa alipogeuka kuhesabu mapipa, dalali alimsogelea Gundi pale bombani, tabasamu lake likiwa palepale.

"Binti, lebo ulibandua wewe," alinong'ona. "Ukisema zilikuwepo, mama yako ameidanganya serikali. Watamfunga. Nani atakupikia?"

Gundi akifungua mdomo, anampoteza mama. Akiufunga, mikono ya Uzi haitapona. Aliiona mikono ile, iliyokuwa ikimsukia nywele kila Ijumaa. Aliingia ndani, akatoka na daftari.

"Mama," alisema, sauti ikitetemeka, "yule samaki hakuwa anaogelea."

Alilivua daftari kava, akaligeuza. Mipaka myekundu ikaonekana wazi kwa kila mtu.

"Gundi! Rudi ndani!" Mama alimkamata mkono. "Unataka nifungwe?"

"Nataka Uzi apone."

Mkono wa Mama ulilegea wenyewe. Afisa aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili: jina la kemikali, jina la kiwanda, nchi, nambari ndefu. Akaipiga picha.

"Hospitali kwanza," alisema. "Ng'ambo baadaye." Kisha akamgeukia dalali aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea getini. "Wewe usiondoke. Bado tunazungumza."

Jioni hiyo daktari alijua anapambana na nini, akabadilisha dawa. Malengelenge yalianza kukauka siku ya tatu.

Mapipa yalichukua muda zaidi. Kiwanda cha ng'ambo kilijibu kwamba hakihusiki. Afisa wa nchi ile hakuridhika na jibu la barua, akaenda mwenyewe kufungua vitabu vyao, akaikuta nambari ile ile. Kiwanda kilikuwa kimempa msafirishaji mapipa akayateketeze kwa njia salama huko huko. Msafirishaji akaona tabu, akaandika "mapipa matupu", akayapakia melini. Maafisa hao wawili hawakuwahi kuonana, lakini walizungumza kwa simu kila asubuhi. Yule wa hapa alisimama uani kwa Mama Gundi, simu sikioni, na mtaa mzima ukamsikia.

"Hapana, bwana. Mwezi ujao sitaki. Hapa wanaishi watoto. Wewe wabane kule, mimi nawabana huku."

Baada ya wiki tano walifika watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Kila pipa lilitiwa ndani ya pipa kubwa zaidi na kufungwa lakiri, hata yale kumi na moja yaliyorudishwa. Udongo wa uani ulikwanguliwa, ukafungwa nao. Magari yalielekea bandarini, na mzigo ukarudi kwenye tanuri maalumu la nchi ulikotoka. Dalali alichukuliwa na polisi, na safari hii simu zake zote mbili zilikuwa kimya.

Mama Gundi hakufungwa. Aliandika maelezo ya kweli, akaonywa vikali, akaamriwa kupita kila nyumba aliyouza pipa na kueleza mwenyewe. Alipita na binti yake. Nyumba moja walimwagiwa maji ya vyombo miguuni. Nyingine walifungiwa mlango kabla ya kumaliza salamu. Fundi cherehani alisikiliza akiwa wima, bila kuwakaribisha.

"Nimesikia," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwezi uliofuata yaliletwa mapipa sita tu. Gundi alichukua kisu kwa mazoea.

"Weka chini," Mama alisema. "Soma kwanza. Usichokielewa, tunapeleka kwa mwalimu."

Geti lililia. Alikuwa Uzi, mikono yake ina mabaka ya waridi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama amesema nikae dakika kumi. Na nisiguse kitu."

"Hata mimi?" Gundi aliuliza.

"Wewe hasa."

Wakatazamana, wakacheka kidogo. Mama Gundi alikausha mikono kwa kanga yake.

"Kitendawili!"

"Tega!" walijibu wote wawili.

"Alionyeshwa samaki mfu, akasema anaogelea."

Uzi akajaribu, "Pipa?"

"Safari hii siyo pipa," Mama alisema. "Jibu ni mimi. Nilitaka kuuza upesi, nikamfundisha mwanangu kuondoa onyo. Kisha nikaogopa, nikamfundisha kuficha. Yeye akasema kweli mbele ya watu huku anatetemeka. Angalieni basi: kule ng'ambo kulikuwa na mtu tayari kutusaidia, asiyetujua hata kwa sura, lakini angetusaidiaje na sisi tumefunga mdomo? Wanangu, mkikosea semeni mapema, hata kama mnaogopa. Na msiguse kitu msichokijua kwa sababu mkubwa amesema ni sabuni. Hata mkubwa huyo nikiwa mimi. Uzi, mwanangu, nisamehe."

Uzi alitazama mikono yake. Kisha akamsogelea Gundi aliyekuwa ameinamia lebo.

"Inasemaje?"

"Juisi ya machungwa."

"Samaki yupo?"

"Hayupo. Wala mkono."

"Haya, bandua. Hilo kava ni la kwangu."

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Cherehani ya nyumba ya tatu iliendelea kulia, na hakuna aliyemwita Uzi arudi nyumbani.