Spika ya Sita

Mashine ilihesabu spika sita. Phelix alikuwa amefunga tano.

"Labda imekosea," alisema, akimtazama Omollo kana kwamba ndiye aliyeitengeneza.

Phelix ni fundi wa muziki kutoka Kapkatet. Jumamosi hiyo alikuwa amekuja kuwafungia Omollo na mkewe Eucabeth sinema ya nyumbani: spika tatu mbele, mbili nyuma ya kochi, na wufa kubwa ya besi kando ya runinga, ambayo mashine huihesabu peke yake. Kupima sauti si kazi ngumu. Unaweka maikrofoni kwenye kochi, watu wananyamaza, mashine inapiga "shhh" kwenye spika moja baada ya nyingine, kisha inaandika kwenye skrini kila moja iko umbali gani. Eucabeth alikuwa ameketi papo hapo kando ya maikrofoni. Alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na hakuwa tayari kusimama kwa ajili ya mashine ya mtu.

Spika ya sita, skrini ilisema, iko nyuma, mita nne. Lakini nyuma ya kochi kulikuwa na mita mbili tu, halafu ukuta, halafu mashamba ya chai.

"Pima tena," Eucabeth alisema.

Wakanyamaza. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kugonga mabati. Shhh ya mbele kushoto. Ya katikati. Ya mbele kulia. Zile mbili za nyuma. Kisha, mahali ambapo hapakuwa na kitu, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu aliyezoea moshi. Ikafuata harufu ya kuni mbichi za mkaratusi, zile zinazochomwa kwenye boila ya kiwanda cha chai. Skrini ikaandika: mita tatu.

Phelix akakusanya bisibisi zake. Simlaumu, ana watoto. "Madam, zangu ni hizo tano," alinong'ona. "Hiyo ingine siijui." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Omollo ni pande la mtu, na kazini hushinda kando ya mashine za kukausha chai bila wasiwasi wowote. Sasa alikuwa ameshikilia pazia.

"Huyo ni Mzee Seth," alisema polepole. "Wa boila. Hii nyumba ya kampuni ilikuwa yake. Alikufia hapa mwaka ya korona."

Eucabeth hakuogopa kwanza. Alikasirika. Miaka miwili ameosha sakafu ile, na hakuna aliyemwambia anaishi na mtu.

Omollo akampigia mama yake simu kule ziwani, akaweka sauti ya nje. Mama mkwe hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu, huyo anataka jina," alisema. "Mtoto aitwe Seth, na yeye atatulia. Mtu aliyekufa akiomba jina, anapewa."

"Mtoto wangu anaitwa Vinny, Mama," Eucabeth akadakia.

"Vinny ni nani kwetu?"

"Si mtu yeyote. Ndiyo sababu nililichagua."

Simu ikakatika. Rimoti ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa, lakini mashine ikaanza kupima yenyewe, shhh ikizunguka chumba, mbele, katikati, nyuma, na kila ilipomaliza duara kikohozi kikasikika karibu zaidi, mita mbili, mita moja na nusu, mita moja, moshi ukimkaba Eucabeth koo ingawa hewa ilikuwa safi machoni, na baridi ikamshika shingo, na mtoto aliyekuwa amempiga mateke tangu asubuhi akatulia tuli tumboni, hata alipomsukuma kwa kiganja hakujibu.

Hapo ndipo alipoogopa. Kisha akasimama.

"Alizikwa aje?" alimuuliza mumewe.

"Vibaya. Asubuhi na mapema, watu kumi na tano, polisi wakiangalia. Hakuna kulia. Hakuna ng'ombe ilikimbizwa."

Kwao kule ziwani, mzee akifa, mauti hufukuzwa kwa kelele: ng'ombe, ngoma, filimbi, watu wakikimbia na mikuki. Seth alizikwa kimya kama kuku wa ugonjwa.

"Basi alinyimwa kelele," Eucabeth alisema. "Hakunyimwa mtoto. Leta simu. Uko na ile video ya matanga ya baba yako mdogo?"

Akaiunganisha na mashine, akafungua mlango wazi, akapandisha sauti hadi mwisho. Ng'ombe wakaja kutoka nyuma, kwato zikapita chini ya kochi, filimbi zikapasuka pande zote, wanawake wakalia kushoto na kulia, na wufa ikapiga ngoma hadi vikombe vikaanguka kabatini. Eucabeth alitembea katikati ya ghasia ile, tumbo mbele, fagio mkononi, akisukuma hewa kuelekea mlangoni.

"Mzee Seth, kelele yako ndiyo hii. Uchukue yote. Lakini humu ndani kuko na mwenyewe."

Video ilipokwisha, Omollo akapima tena. Spika tano. Tumboni, teke moja zito. Omollo akacheka, akalia, akafunga mlango.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye, mvulana, mzima. Alianza kulia saa mbili asubuhi na hakunyamaza, si kwa titi, si kwa kubebwa. Mama mkwe, aliyekuwa amefika kumwona mjukuu, akamwinamia sikioni.

"Seth," alinong'ona.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akakohoa kidogo.

Omollo akakaa chini sakafuni. Eucabeth akamchukua mtoto mikononi mwa mama mkwe, akamweka kifuani.

"Vinny," alisema.

Mtoto akapiga yowe.

"Lia," alimwambia. "Mimi sina haraka. Vinny."

Alimwita hivyo mpaka sauti ikamkauka, akanywa maji, akaanza tena.