Diski Kwenye Kiroba cha Michembe

Mwizi alikuwa amekifunga tena kiroba.

Inspekta Generosa alikitazama, kisha akaikagua nyumba. Wavu wa dirisha ulikuwa umechanwa kwa kisu. Runinga ilikuwa mahali pake. Mtungi wa gesi ulikuwepo jikoni. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetoka katika nyumba hiyo ya Nyasubi, mjini Kahama: diski ya kuhifadhia picha, iliyofichwa ndani ya kiroba cha michembe, katikati ya vipande vikavu vya viazi vitamu.

"Nani alijua kuwa ipo humo?"

"Mimi na Kulwa," alijibu Mama Kulwa. "Na Benjamini. Jumatatu alinikuta naitoa."

"Benjamini ni nani?"

"Mwenye duara lililomuua Doto wangu."

Doto, pacha wa Kulwa, alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita mwaka uliopita. Jumamosi iliyokuwa ikija ingekuwa ibada ya kumbukumbu yake. Mama yake alitaka picha zake zioneshwe kanisani, tangu utoto hadi mwisho.

"Albamu hamna?"

"Mchwa walizila. Tulizowahi kuokoa tukamlipa mpiga picha akazihamishia kwenye diski. Za kwenye simu nazo nikazihamishia humo, halafu nikazifuta, simu ilikuwa imejaa."

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Nakala ya nini, na yenyewe ninayo?" Aliyasikia maneno yake mwenyewe. "Afande, sina hata sura yake. Sina hata moja."

"Mayu, kaa chini," Kulwa alimwambia mama yake kutoka mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, hajalala.

Koplo Thobias alimaliza kupaka unga wa alama za vidole kwenye fremu ya dirisha. "Pamefutwa, afande. Safi kama sahani ya mgeni."

Generosa aliinama tena. "Mama Kulwa, kiroba hiki umekifunga wewe?"

"Sijakifungua kabisa. Nilikipapasa kwa nje, sikusikia kitu kigumu. Nikapiga yowe."

"Mwizi gani huyu," Generosa alisema polepole, "anayeogopa panya wasile michembe ya watu?"

Alinyoosha mgongo, akaondoka na Thobias kwenda kumtafuta Benjamini.

Benjamini walimkuta dukani kwake, amekaa juu ya marundo ya kamba na sururu. Alinyanyuka haraka mno.

"Jumatatu ulikwenda kwa Mama Kulwa," alianza Generosa.

"Nilikwenda kumpa pole."

"Mwaka umeshapita."

"Pole haiozi, afande."

"Magogo ya kuzuia kifusi kwenye duara lako ndiyo yaliyooza. Mama yake amenieleza: Doto aliyapiga video kabla hayajaanguka, nayo imo kwenye diski. Ulimwomba mama yake nini?"

Benjamini alijifuta jasho shingoni. "Nilimwomba asiioneshe kanisani. Basi."

"Alikataa."

"Alinifukuza kwa mwiko! Lakini niibe ya nini? Video hiyo kila mchimbaji wa Geita anayo kwenye simu. Muulize huyo koplo wako kama hana."

Generosa alimgeukia Thobias. Thobias alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Nilirushiwa na shemeji, afande."

"Kwa hiyo hata diski nzima ikiibwa, wewe hunusuriki," Generosa alimwambia Benjamini. "Lakini usisafiri. Nina magogo ya kuyaulizia."

Ndani ya gari alizipanga hoja zake. Kama si Benjamini, basi mwizi alikuwa amechukua kitu ambacho thamani yake ilikuwa kwa mama mmoja tu. Na bado akakumbuka panya. Moyo wake ulimwambia jibu, na hakulipenda.

Waliporudi Nyasubi, aliikata kamba ya kiroba mbali na fundo, akalihifadhi fundo kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akamwita Kulwa.

"Kijana, nifungie kiroba, ushahidi usimwagike."

Kulwa alichukua kamba nyingine. Vidole vyake vilizunguka mara moja, vikapitisha ncha chini, vikavuta. Generosa aliliweka fundo la zamani pembeni ya lile jipya.

"Fundo hili linaitwaje?"

"La kufungia ndama. Baba alitufundisha." Aliyatazama mafundo mawili, akaiachia kamba.

"Mama yako analijua?"

"Hapana, mimi huisokota kamba tu," alisema Mama Kulwa, akiwa hajaelewa. "Kwani vipi?"

Generosa alimgeukia Kulwa, akazungumza kwa upole.

"Kompyuta yako ile pale mezani ilisoma diski hiyo lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu."

"Thobias, fungua."

Koplo aliinamia kompyuta, akabofya, akainua uso. "Jana mchana, afande. Mama akiwa sokoni."

Kulwa aliteleza ukutani mpaka akaketi sakafuni. Alipandisha shati. Diski ilikuwa juu ya tumbo lake, imefungwa kwa kitambaa.

"Kulwa!" Mama yake alishika mdomo. "Mwanangu, kwa nini?"

"Nilitaka kuzipanga, Mayu. Kwa ajili ya Jumamosi. Zilikuwa zimevurugika, zingine zimejirudia mara tatu. Nikaweka programu ya kutafuta picha zinazofanana. Ikaniuliza nifute, nikasema ndiyo."

"Basi?"

"Basi ikatufuta sisi!" Alilia waziwazi. "Umesahau? Ukimpa Kulwa, mpe na Doto. Shati moja, kiti kimoja, kule kwa mpiga picha wa Maganzo, mmoja akishuka mwingine anapanda. Kila siku ya kuzaliwa. Kompyuta iliona mtoto mmoja amepigwa mara mbili. Ikabakiza mmoja, mwingine ikamtupa. Mamia ya picha. Sijui imembakiza nani."

"Ukachana wavu," alisema Generosa.

"Nilitaka amchukie mwizi. Asinichukie mimi. Tayari watu wakiniona wanalia, wananiita kwa jina lake. Mimi ndiye niliyebaki, halafu nimeifuta sura yake kwa kidole changu. Ni kama nimemfukia mara ya pili."

Mama Kulwa hakusogea. Generosa alikuwa ameshuhudia maungamo mengi. Hakuwa amewahi kuogopa kama alivyoogopa dakika hiyo, akisubiri mwanamke huyo aseme neno.

"Wewe mtoto," mama alisema hatimaye, "jana hata hujala."

Akaketi sakafuni karibu naye, akakishika kichwa chake.

Generosa aliichukua diski. "Hakuna atakayefungua kitu kabla Thobias hajanakili yote. Nakala mbili, na moja isikae katika nyumba hii. Yenyewe naipeleka kwa wataalamu wetu Shinyanga. Zilizofutwa huwa hazipotei kabisa papo hapo. Siahidi zote. Na wewe, Kulwa, kwa kunihangaisha siku nzima, Jumatatu utakuja kituoni tuongee. Leo una kazi."

Thobias alipomaliza kunakili, alifungua picha ya kwanza. Mtoto wa miaka mitano, shati la njano, kiti chekundu cha plastiki, uso umekunjwa kwa jua.

"Huyu ni nani, Mayu?" Kulwa alinong'ona. Ilikuwa kama mshtakiwa anauliza hukumu.

Mama alikisogelea kioo cha kompyuta. Alitazama masikio. Alitazama magoti. Alitazama muda mrefu mpaka machozi yakamdondoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka.

"Sijui," alisema. "Siku ile yenyewe niliwachanganya, nikamlisha mmoja uji mara mbili. Mwenzake akalia mpaka jioni."

"Sasa tufanyeje?"

"Tuzipange. Tunayemjua, andika jina lake."

"Na tusiyemjua?"

Mama Kulwa alivuta kigoda, akaketi mbele ya kompyuta.

"Andika wote wawili. Haya, lete nyingine."