Kisikiamwamba cha Korongoni

Kisikiamwamba kiliganda kwenye jabali kwa miguu yake ishirini na minne, kikachomeka sindano zake hadi kina cha mita mia, kikasikiliza. Jiwe linapopasuka kwa ndani hutoa mlio mdogo mno, sikio la mtu haliwezi kuukamata. Kifaa kile kiliihesabu milio hiyo kwa siku arobaini, kisha kikatoa jibu: ndani ya siku tisa, jabali lingeuangukia mtaa wa Korongoni.

Mhandisi Nakijwa alilipeleka jibu hilo kwenye ukumbi wa mtaa, mchana kweupe, akalisoma mbele ya watu mia mbili. Walicheka. Kisha Senzota, mwenyekiti wa mtaa, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

"Usiogope, binti. Hatukupigi. Wenzako husoma karatasi, wakapanda ungo wao, wakaruka. Leo utajibu kwanza."

Ungo ndilo jina watu walilokipa chombo cha angani cha mtu mmoja. Cha Nakijwa kilikuwa nje, kikinguruma bila mtu ndani.

Akasimama Mama Mbonea, balozi wa nyumba kumi zilizo chini kabisa ya jabali.

"Mwaka juzi ninyi wa taasisi mlituambia chemchemi yetu ina sumu. Tukahama miezi sita, tukalala kwenye mahema. Mjukuu wangu nimemzika kulekule kambini. Tuliporudi, chemchemi imezungushiwa ua, maji yaleyale yanatiwa kwenye chupa. Sumu ilikwenda wapi, mhandisi?"

"Hiki ni kifaa kipya, mama. Hakijui siasa."

"Kifaa hakijui. Wewe je?"

Watu wakapiga makofi. Nakijwa alilijua jibu. Maji yale hayakupimwa kamwe. Mkuu wake alimletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, imebaki sehemu ya saini tu, naye akasaini. Kila aliyefichua siri za taasisi alifutwa kazi na kufungwa miaka mitatu.

"Ilikwenda wapi?" Mama Mbonea aliuliza tena.

"Haikuwapo," Nakijwa alisema. "Niliyesaini ni mimi."



"Ahsante," Mama Mbonea akasema. "Leo nimemwamini mtaalamu kwa mara ya kwanza. Umesema wewe ni mwongo, nami nakubali."

Kicheko kililipuka, kikali, kisicho na furaha. Senzota akafungua mlango.

"Nenda, binti. Na jabali lako nenda nalo."

Mlango ulikuwa wazi, lakini Nakijwa hakuwa na pa kwenda. Ukweli alikuwa nao, ila ulimi wa kuusemea alikuwa ameukata mwenyewe mwaka juzi, kwa kalamu. Akiruka sasa, watu hawa wote wangebaki chini ya jabali.

"Mama, nyumba iliyo karibu zaidi na jabali ni ya nani?"

"Yangu."

"Naomba godoro. Nitalala kwako hadi siku ya tisa, au hadi wa mwisho wenu ahame."

"Sinema hiyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Mama Mbonea hakucheka. Alimsogelea, akamkagua toka miguuni hadi usoni, kama anayetafuta mzaha uliofichwa. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho.

"Wewe kweli unaogopa," alisema taratibu.

Nakijwa akaitikia kwa kichwa.

"Senzota, hebu waambie watu wakae," Mama Mbonea akasema, bila kuuachia ule mkono. "Asome tena ile karatasi. Polepole."