Kaka Yangu Alipima Mnyororo wa Binti Yangu

Nina miaka arobaini na minne. Nilisoma hadi kidato cha pili, kisha nikawa mtu wa njiani: Tanga, Unguja, hata Muskati. Kote huko nilikisifu kisiwa chetu cha Chovae kwa wageni hadi machozi yakanitoka. Kumbe kisiwani humo humo mwanangu alikuwa anaoza!

Kurudi kulinichukua siku sita. Basi, mashua, gari la mizigo hadi Kismayu, kisha boti ya mashine. Mke wangu alishafariki, na binti yetu Barke nilimwacha kwa kaka yangu Shee, fundi wa mashua. Kila nikipiga simu Shee alisema, "Yuko chuoni Kismayu, anasoma."

Uongo! Nilimkuta uani, bandani, mguuni ana mnyororo wa nanga. Mtoto wa miaka kumi na sita...

"Usinitazame hivyo, Athmani," kaka akasema. "Nimeupima mwenyewe. Anafika chooni bila taabu."

Ameupima! Kama mtu anayepima ubao!

Walikuwa wamempunga pepo, hakupona. Basi wakamficha, kwa kuwa binti zake Shee wameposwa. Nani ataoa nyumba yenye mtu mwenye wazimu?

Niliukata mnyororo kwa msumeno wa chuma wa Shee mwenyewe, nikampeleka Barke kituo cha afya Kismayu. Muuguzi, mama wa Kisomali, aliposikia Chovae alishika kichwa. "Tulipita huko nyumba kwa nyumba tukiuliza watoto kama huyu. Fundi mmoja akatukaribisha chai, akasema hapa sote wazima."

Chai! Na mtoto yuko nyuma ya ukuta!

Muuguzi akaniuliza ugonjwa ulianza lini. Mimi nitajua wapi? Barke akajibu polepole: "Ulipoanza, kabla hawajanifunga, nilimpigia baba. Nikamwambia kuna watu wanasema kichwani mwangu. Akacheka."

Wallahi nilicheka, ndugu zangu. Nikamwambia apunguze usingizi wa mchana, nikamtumia gauni la Idi. Ningemuuliza neno moja tu zaidi... mguu wake usingekuwa na kovu lile.

Baada ya miezi mitatu ya dawa Barke alianza kula, hata kunitania kwa mvi zangu. Nikarudi Chovae kuchukua nguo zake. Shee alinisubiri ufukweni. "Posa moja imevunjika. Umefurahi sasa?"

Nilizitia nguo za Barke botini. Nilipanda boti, nikajua sirudi tena.

Ndipo mkewe akaingia majini hadi magotini, huku mumewe akimpigia kelele arudi. Akaishika boti kwa mikono miwili. "Shemeji, hicho kituo kiko upande gani? Mwanangu wa mwisho naye ameanza kusema peke yake."

Nilimwelekeza, nikarudia mara mbili.

Nanyi mnaosoma, mtoto akiwaambia anasikia sauti, msicheke. Msimfiche. Muulizeni, kisha mpelekeni siku hiyo hiyo, posa zivunjike zote!